Nilivyomsaka Buibui Moyoni mwa Baharia

Nianze na aibu yenyewe ili tuimalize mapema. Siku moja, katika chumba cha eksirei, nilimsimamisha mgonjwa mahututi kifua wazi, nikamwambia asipumue, halafu nikamwacha hapo hapo nikaanza kumsaka buibui kwa ufagio wa chelewa. Nilimtafuta nyuma ya mashine, darini, chini ya meza, mpaka ndani ya viatu vyangu. Buibui nilikuwa nimemwona kwenye picha, amejinyoosha miguu katikati ya kifua cha mtu. Nikapuliza dawa ya mbu, nikafuta, nikapiga picha nyingine, yupo. Kumbe chumbani hakuwemo. Alikuwa ndani ya moyo wa yule mgonjwa, tena hakuwa buibui.

Haya, mkimaliza kucheka tuendelee.

Mlioniaga juzi nilipostaafu, kwa soda na biskuti, mmeniomba niandike mambo ya kazi, ati vijana wa idara ya picha wajifunze. Mie shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Vyeo sitaviandika kwa sababu havikuja. Mshahara nao siuandiki, sitaki mtu alie kabla hajafika katikati.

Niliingia hospitali kama mfagiaji, miaka ile Uhuru ungali na rangi mpya. Mashine ya eksirei ilikuwa chini ya mzee mmoja, Athumani Nangukule, aliyejifunza kazi jeshini wakati wa vita vya Wazungu. Mzee Athumani alikuwa mwembamba, mkali, na ananuka dawa ya kuoshea picha, ule uchachu kama achari ya ndimu iliyosahauliwa. Siku yangu ya kwanza kuazimwa idarani akanituma: "Nenda chumba cha giza uniangalizie boksi la filamu kama limejaa."

Nikaenda. Nilipofika nikaona, mtu ataangaliaje boksi gizani? Nikalitoa nje juani, nikalifungua, nikapekua moja moja. Nikarudi mbio nimekasirika kwa niaba ya serikali.

"Mzee, tumeibiwa! Hawajatuletea picha hata moja. Ni makaratasi matupu!"

Mzee Athumani alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Boksi zima lilikuwa limekufa, maana filamu ikionja mwanga kabla ya kazi imekwisha. Nilingoja kofi. Badala yake akaniambia, "Kuanzia leo unafanya kazi kwangu. Mtu aliyekwisha kufanya kosa kubwa namna hii hana tena la kuniharibia." Ndivyo nilivyoingia kwenye fani. Nyie mmeingia kwa vyeti.

Alinifundisha mengi. Kubisha mlango wa chumba cha giza na kungoja kujibiwa. Kupima dawa kwa kidole kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Kumwambia mgonjwa "vuta pumzi, ibane," na usisahau kumwambia "achia," kwani kuna bibi mmoja wa Kilwa Kisiwani tulimsahau, tukamkuta amevimba mashavu kama samaki bunju. Na juu ya yote alinipa amri moja: picha yenye doa haitoki mlangoni. Ikitokea na alama ya kidole, au mchirizi wa dawa, au mdudu aliyejibanza ndani ya kaseti, lile sanduku bapa la bati tunalotia filamu, basi daktari asiione kabisa. Irudie kimya kimya. Iliyoharibika ioshe, wape watoto watengenezee tiara ya kurusha. Daktari akiona doa leo, kesho hataamini hata mfupa uliovunjika.

Na wadudu tulikuwa nao. Chumba cha giza, chenye unyevu, hakifunguliwi dirisha, buibui wa wilaya nzima walihamia kwetu bila kusubiri operesheni yoyote ya kuhamia vijijini. Nimepata picha ya goti lenye mende. Nimepata picha ya bega la karani, mjusi amelala juu yake kama kanga. Zote zilikwenda kuwa tiara.

Mzee Athumani akafa, Mungu amrehemu, nikabaki na mashine na amri yake. Watu walinijia na haja za kila namna. Kuna bwana alimleta mkewe, akaninong'oneza nimpige picha ya moyo aone kama ndani kuna mwanamume mwingine. Nikamwambia mashine yetu ni ndogo, inaonyesha mapafu tu, wapangaji haiwaonyeshi.

Sasa tufike kwenye buibui.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, watu wameshahamishwa na mashamba ya pamoja yameshapimwa. Masika yalikuwa yamekata barabara, magari ya Dar hayafiki, na idarani nilibakiwa na filamu tatu. Tatu za kifua, hakuna nyingine mpaka barabara ikauke. Daktari wetu, Daktari Komba, kijana mpya mwenye viatu vyeupe ambavyo matope ya Kilwa yalikuwa hayajavipata vizuri, alikuwa ameniambia, "Selemani, hizo ni za watu wanaokufa tu. Wanaokohoa nitawasikiliza mwenyewe."

Asubuhi moja likaja trekta la kijiji kutoka Kikole, likivuta tela. Juu ya tela yuko mwanamume wa makamo amelala juu ya magunia, na pembeni yake Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Kiweka, amekaa wima kama aliyeleta ushahidi mahakamani. Mgonjwa alikuwa Hamisi, lakini wote tulimwita Baharia, kwa kuwa alikimbilia melini akiwa kijana, akazunguka dunia, kisha akarudi kwao na sanduku la bati, kovu shingoni na maneno mengi.

"Daktari," Mwenyekiti akasema kabla trekta halijazimwa, "huyu nataka mnipe jibu moja. Mgonjwa au mvivu?"

"Amefanyaje?"

"Kaanguka shamba la pamoja, katikati ya mihogo. Mara ya pili hii. Kila zamu ya jembe ikifika, anazimia. Ukimwuliza, anasema ana mwavuli mwilini. Mwavuli! Sote tuna miavuli nyumbani, kwa nini wake umkalishe kivulini?"

Watu wakacheka. Mie nilicheka zaidi yao, ndiyo kazi yangu ya pili. Nikamwambia, "Baharia, huo mwavuli ukiufungua tupishe, usitutoboe macho."

Baharia naye akacheka, lakini akashika mbavu. Midomo ilikuwa imekuwa rangi ya zambarau. Nesi Zainabu, mkuu wa wodi, mwanamke mwenye ulimi wa wembe ambaye ndiye rafiki yangu mkubwa mpaka leo, hakucheka. Akamshika mkono akitafuta mapigo, akakunja uso. Daktari akaweka kile chombo chake cha kusikilizia, akasikiliza muda mrefu, akahamisha, akasikiliza tena.

"Moyo unapiga ovyo," akasema. "Kama mtu anabisha hodi halafu anakimbia. Selemani, mpige kifua. Tumia filamu moja. Moja, umesikia?"

Zainabu akaniletea Baharia mpaka chumbani, akamsimamisha mbele ya ubao, akatoka. Nikatia kaseti, nikamwekea kidevu sawa, nikajificha nyuma ya kinga.

"Vuta pumzi. Ibane."

Jenereta likanguruma, mashine ikapiga. Nikaingia gizani, nikaiosha, nikaitoa ikidondoka maji, nikaitazama kwenye taa.

Buibui.

Kwenye kivuli cha moyo, kushoto kidogo, kijiduara katikati na miguu imetawanyika kote, imefifia kama anayekimbia. Nikahesabu miguu nikapata sita. Hata darasa la nne nilijua buibui ana minane, lakini nikasema labda miwili kaiacha njiani. Amri ya mzee ikaniingia kichwani: yenye doa haitoki mlangoni.

Nikatoka nimeishika. "Baharia, usijali, kuna mdudu ameingia kwenye kaseti. Tunarudia."

"Hebu nimwone huyo mdudu, mjomba."

Nikamwonyesha. Akaitazama. Alinyamaza kidogo, nikadhani anatafuta pumzi. Kisha akasema, "Mzuri. Ana mke?"

"Nikimpata nitamwuliza."

Hapo ndipo nilipochukua ufagio. Nilifungua kaseti nikaifuta kwa kitambaa, nikapuliza dawa ya mbu mpaka sote tukakohoa, nikamwambia Baharia asikohoe. Yeye kashika ubao kwa mikono miwili, kanipa mgongo, anasema, "Mjomba, ukimkamata usimwue. Mwandikishe kijijini, tuna upungufu wa nguvu kazi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikapiga ya pili. Nikaosha, nikatazama. Yupo! Lakini safari hii amesogea chini, na miguu miwili imekunjwa. Mwili ukanisisimka. Sasa nilikuwa na hakika kabisa: yu hai, na ananitania.

"Amehama," nikamwambia Baharia.

"Amehama kwenda wapi?"

"Chini kidogo."

"Aa." Akapumua polepole. "Basi naye kahamishwa kama sisi. Piga nyingine, mjomba. Wewe usiogope. Simama vizuri, shika kitu chako vizuri, piga."

Nikachukua kaseti nyingine kabisa, ya zamani ya Mzee Athumani, ambayo nilikuwa siitumii kwa heshima. Nikaifuta, nikaibusu, nikasema bismillahi, nikatia filamu ya mwisho. Nikapiga.

Nilipoitoa dawani, buibui alikuwa pale pale moyoni, kageuka upande.

Nikakaa juu ya ndoo. Filamu zimekwisha, barabara imekatika, na nina picha tatu za mdudu. Nikawaza kuzifanya tiara zote na kumwambia daktari mashine imekufa. Baharia akanisemesha toka kule ubaoni, sauti ndogo.

"Mjomba. Mpelekee daktari zote tatu. Huyo buibui ni wangu."

Sikumwelewa. Lakini jinsi alivyosema, sikuthubutu kubisha. Zainabu akaja kumchukua, mie nikaenda kwa daktari, najitetea toka mlangoni: ni chumba, ni unyevu, ni dawa ya mbu siku hizi haina nguvu. Daktari Komba akazibandika dirishani kwa mwanga wa jua, moja baada ya nyingine. Akazitazama. Akazitazama tena ya kwanza na ya tatu.

"Selemani, toka."

"Nimefukuzwa kazi?"

"Toka kwenye mwanga, unaniziba."

Kisha akaenda wodini, mie nyuma. Akavuta kiti karibu na kitanda. "Baharia, ule mwavuli. Nieleze mwanzo mpaka mwisho, nami sitacheka."

Baharia akaeleza kwa vituo, pumzi haimtoshi. Alipokuwa melini mguu ulimvimba, damu ikaganda ndani. Mabonge ya damu yakawa yanakatika na kupanda mpaka mapafuni, akakaribia kufa. Kwenye bandari moja ya ng'ambo wakampeleka hospitali, wakamchana shingo, wakapitisha kidude kilichokunjwa ndani ya mshipa mkubwa mpaka tumboni, kikafunguka huko kama mwavuli wenye vijiti vya chuma.

"Kazi yake kuchuja," akasema. "Damu ipite, mabonge yabaki. Kama kifumbu, tui linapita, machicha yanabaki."

"Kilitakiwa kikae tumboni," akasema daktari.

"Tumboni, karibu na kitovu. Niliwauliza, hakihami? Wakaniambia huhama mara chache, chache mno, kikihama kinapanda moyoni. Wakacheka. Nami nikacheka, maana nilidhani hao wachache ni watu wengine."

Mwenyekiti Kiweka alikuwa mlangoni, kofia mkononi, anaitazama sakafu kama anayesoma.

Daktari akatoa amri. Baharia asiinuke, hata kwa choo. Asikohoe kwa nguvu, asijigeuze mwenyewe, asicheke. Kile chuma kinaelea ndani ya moyo. Kinaweza kuutoboa, kinaweza kuziba mlango wa damu, na hapo hatuna la kufanya ila kusoma Yasini. Kisha akanitazama mie.

"Na wewe ni marufuku kukanyaga wodi hii."

"Kwa nini?"

"Unachekesha."

Nimefanya kazi miaka yote hiyo, na hiyo ndiyo adhabu pekee niliyopewa kwa ubora wangu.

Nikaenda naye kwenye redio koli, maana kule hakukuwa na marufuku. Daktari alizungumza na daktari mkubwa wa Dar, sauti inakuja na kuondoka kama mtu anaongea ndani ya mtungi.

"Rudia. Umesema nini moyoni?"

"Mwavuli."

"Mwavuli wa mvua?"

"Wa mshipa! Kichujio. Kimehama."

"Nani kakiweka huko Kilwa?"

"Hakuwekewa Kilwa. Kaja nacho toka ng'ambo."

Mlio. Kisha: "Una hakika si doa la filamu? Vyumba vyenu vya huko tunavijua."

Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari Komba akasema, "Ninazo picha tatu, kaseti mbili tofauti. Katika kila moja kipo mahali pengine, na zote ni ndani ya moyo."

Halafu yule mkubwa akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu aliyeketi wima, kwamba ndege ndogo itakuja kesho asubuhi mvua ikitulia, na kwamba uwanja uwe umefyekwa, rubani safari iliyopita alilalamika nyasi zinamfika kiunoni.

Uwanja wetu wa Masoko wakati ule ulikuwa wa mbuzi kuliko wa ndege. Daktari akauliza nani ataufyeka jioni moja. Mwenyekiti Kiweka alipanda trekta akaondoka. Tukasema, huyo kakimbia. Kabla ya magharibi tukasikia trekta linarudi, tela limejaa watu wa Kikole, wanaume kwa wanawake, na mafyekeo yao. Wale wale waliokuwa wanasema Baharia anakwepa zamu wakaifanya zamu yake juu ya uwanja wa ndege. Mwenyekiti alifyeka mwenyewe, ingawa mdomo wake ulifyeka zaidi: "Wewe, kata chini! Ndege haina kwato!"

Asubuhi mvua ikatupa nafasi. Tulimbeba Baharia kwa machela, watu wanne, mie nimeruhusiwa kushika pembe moja kwa sharti la kufunga mdomo. Tukapita katikati ya wale wafyekaji, wamesimama pande mbili na nguo zimelowa. Baharia akageuza macho.

"Mwenyekiti, na hapa ni shamba la pamoja?"

"Nyamaza wee! Daktari kasema usicheke." Lakini mwenyewe alikuwa akijifuta macho kwa kofia.

Karibu na ndege, macho ya Baharia yakapinduka. Mkono wake ukaanguka nje ya machela. Zainabu akapiga kelele, "Wekeni chini!" Akamshika shingoni, hakupata kitu. Daktari akapiga magoti matopeni na vile viatu vyeupe. Wakamtoa machelani, wakamgeuza ubavu wa kushoto, Zainabu anamwita kwa nguvu, "Hamisi! Hamisi wa Bi Mwajuma! Hujaruhusiwa!" Mie nilisimama nimeshika pembe yangu ya machela ambayo haikuwa na mtu wa kubebwa, nasema tu "achia pumzi, achia pumzi," kama vile nilisahau kumwambia jana.

Akavuta. Mara moja, kama mtu anayetoka chini ya maji. Kisha tena. Daktari akaweka sikio kifuani, akainua kidole: kile chuma kimegeuka, kimeachia njia. Tukamtia ndani ya ndege hivyo hivyo, kwa ubavu, na daktari akaenda naye. Ndege ikaruka ikayumba juu ya minazi, na wafyekaji wote shingo juu mpaka ilipopotea.

Dar wakampeleka mbele zaidi, kwa mabingwa wenye kufungua vifua. Kwa siku nyingi hatukujua kama yu hai. Nilikuwa napita redio koli kila asubuhi kujifanya nauliza habari za filamu. Mwisho habari zikaja: wamekitoa, na mwenyewe kaomba uji.

Alirudi kiangazi, kakonda, kifua kimeshonwa juu mpaka chini. Alikuja hospitali kutusalimia, tukamkalisha kwenye benchi la kahawa nje ya wodi. Watu wakajaa. Nami sikujizuia. Nikasimulia: bila mie kupiga picha tatu, yule mkubwa wa Dar angesema ni doa. Mwingine angepiga moja, akaitupa. Mie ndiye niliyekaidi amri ya daktari kwa manufaa ya mgonjwa! Na nikasimulia ufagio, na dawa ya mbu, na jinsi nilivyomchekesha Baharia mle ndani mpaka akasahau ugonjwa wake. Baharia alicheka kila mahali pa kucheka, akanipa mkono, akasema "Mjomba, ahsante," akaondoka zake na trekta.

Zainabu alikuwa anakusanya vikombe. Akangoja wengine waondoke.

"Umemaliza kujisifu?"

"Bado kidogo."

"Basi nisikilize. Yule alijua tangu picha ya kwanza. Ulipomwonyesha, aliona kile chuma kiko wapi, na waliomwekea walishamwambia kikifika hapo maana yake nini. Nilipokuja kumtoa chumbani kwako nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, umelowa, unatetemeka kama jani. Nikamwuliza, mbona ulikuwa unacheka? Akaniambia, 'Fundi wenu kaingiwa na hofu, na mkono wake ukitetemeka picha haitatoka.' Selemani, mle ndani hukumchekesha mtu. Wewe ndiye uliyekuwa unachekeshwa."